Namba 220: Jinsi kompyuta ya ofisini ilivyopata sauti

SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 P330 T6

Aliyecheza gemu kwenye kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1990 hahitaji kuambiwa mstari huu ni wa nini. Ulikaa ndani ya faili lililoitwa AUTOEXEC.BAT, ukasomwa kila mashine ilipowashwa, na tarakimu moja ikikosewa bunduki za gemu kama Doom zingeweza kunyamaza. Vijana wengi waliujua kwa moyo bila kujua maana ya hata herufi moja, kama mtu aliyekariri dua ya lugha asiyoielewa.

Leo kadi ya sauti ni chipu ndogo iliyofichwa ndani ya kompyuta, na wengi hawajui kama ipo hadi siku inapokataa. Lakini kwa muda wa takriban miaka 20, kuifanya kompyuta itoe sauti ya maana kulihitaji bisibisi, kitabu cha maelekezo na subira nyingi. Chanzo ni kwamba mashine tuliyoirithi haikuundwa kwa ajili ya sauti. Sauti ililetwa na watu wa nje, na kazi ya kuwapatanisha wageni hao na wenyeji ikaachiwa mnunuzi.

IBM ilizindua kompyuta yake binafsi Agosti 12, 1981, kwa bei ya kuanzia dola 1,565. Ilikuwa mashine ya barua, hesabu na orodha za wateja. Ndani yake mlikuwa na spika ndogo iliyoendeshwa na chipu ya kupima muda, Intel 8253. Chipu hiyo iliiwasha na kuizima spika kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo iliyotoa mlio. Mlio wenyewe ulikuwa mmoja tu kwa wakati mmoja, na hapakuwa na njia ya kuupunguza wala kuuongeza. Kwa kumwonya karani kwamba amebonyeza kitufe kisicho chake, ulitosha.

Wakati huohuo kompyuta za nyumbani zilikuwa tayari zinaimba. Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na chipu ya SID, kazi ya mhandisi Bob Yannes, yenye sauti tatu. Amiga ya mwaka 1985 ilipiga sauti nne zilizorekodiwa, kwa stereo. Soko, hata hivyo, halikufuata muziki. Lilifuata ofisi, na mashine bubu ndiyo iliyoenea duniani. Bahati ni kwamba IBM iliacha ndani ya kasha lake nafasi tano za kupachika kadi na ikachapisha maelezo ya kiufundi ya mashine nzima. Yeyote aliyekuwa na ujuzi angeweza kutengeneza kadi yake, akaipachika, na IBM isiulizwe.

Mbinu iliyojaza nafasi hizo kwa muziki haikuanzia kiwandani. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mtunzi wa muziki John Chowning alikuwa akijaribu mtetemo wa noti kwenye kompyuta. Alipouongezea kasi kupita kawaida, sikio liliacha kuusikia kama mtetemo na likasikia sauti mpya kabisa, mara kengele, mara tarumbeta, ilhali hesabu iliyotumika ilikuwa ndogo mno. Makampuni ya vinanda ya Marekani hayakuona faida. Yamaha ya Japani iliiona, ikachukua leseni, na mwaka 1983 ikatoa kinanda cha DX7 kilichosikika katika nyimbo nyingi za pop za muongo ule. Baadaye mbinu hiyohiyo iliingizwa kwenye chipu ya bei nafuu, YM3812, iliyoweza kupiga sauti 9 kwa pamoja.

Chipu hiyo ndiyo iliyobebwa na kadi ya AdLib, iliyotoka mwaka 1987 katika mji wa Quebec, Kanada. Mwenye kampuni, Martin Prével, aliwahi kuwa profesa wa muziki katika Chuo Kikuu cha Laval. Kadi ilikuwa nzuri, ila hapakuwa na gemu za kutosha zilizoijua. Mlango ulifunguliwa mwaka 1988, Sierra On-Line ya California ilipotoa King's Quest IV, gemu yenye muziki uliotungwa na William Goldstein, mtunzi aliyezoea kazi za filamu na televisheni. Sierra iliuza hata kadi zenyewe kwa wateja wake. Waliokuwa na fedha zaidi walinunua Roland MT-32, kifaa cha Kijapani kilichoiacha AdLib mbali kwa uzuri wa sauti. Bei yake iliwafukuza wengi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoamua historia yote iliyofuata. Katika biashara hii sauti bora haijawahi kushinda kwa ubora wake peke yake.

Aliyeshinda alitoka Singapore. Sim Wong Hoo, mhitimu wa Ngee Ann Polytechnic na mpigaji wa harmonika, alianzisha Creative Technology mwaka 1981 pamoja na Ng Kai Wa. Kilikuwa kiduka cha kutengeneza kompyuta katika jengo la Pearl's Centre. Walijaribu kuunda kompyuta zao wenyewe na hazikuuzika ilivyotarajiwa. Mwaka 1987 wakatoa kadi ya muziki iliyouzwa Marekani mwaka uliofuata kwa jina la Game Blaster. Ilikuwa na sauti 12, tatu zaidi ya AdLib, na bado ikashindwa. Watengenezaji wa gemu walikuwa wameshaizoea AdLib na hawakuona sababu ya kuandika kazi upya.

Somo waliloondoka nalo lilikuwa la kibiashara tupu. Kadi ya Sound Blaster, iliyotoka Novemba 1989, ilibeba chipu ileile ya Yamaha, hivyo kila gemu iliyoijua AdLib iliikubali bila kubadilishwa. Juu yake Creative waliongeza kitu ambacho AdLib hawakuwa nacho, yaani uwezo wa kupiga na kurekodi sauti halisi. Mtu angeweza kusikia neno likisemwa, mlipuko, mbwa akibweka. Ubora haukuwa wa kujivunia, kwa kuwa ilikuwa biti 8 na upande mmoja tu, bila stereo. Kisha wakaweka tundu la joistiki, kifaa ambacho mnunuzi angelazimika kukinunulia kadi nyingine na kukitafutia nafasi nyingine. Hesabu hiyo hata mtoto aliweza kumshawishi nayo baba yake.

AdLib walifilisika Mei 1992. Mwaka huohuo Creative waliorodheshwa katika soko la hisa la Nasdaq, kampuni ya kwanza ya Singapore kufika huko, na wakatoa Sound Blaster 16 iliyopiga sauti ya ubora wa CD.

Hapo ndipo ulipozaliwa mstari tuliouanzia. A220 ni anwani ambako programu ilibisha hodi ili izungumze na kadi. I5 ni njia ambayo kadi iliitumia kuiita prosesa na kuiambia kwamba kipande cha sauti kimekwisha, kiletwe kingine. D1 ni njia ya kusafirisha sauti kutoka kwenye kumbukumbu bila kuisumbua prosesa. H5 ni njia ya namna hiyohiyo kwa sauti ya biti 16, P330 ni anwani ya vifaa vya muziki vya MIDI, na T6 iliitaja aina ya kadi.

Tatizo lilikuwa uchache wa njia. Za kuita prosesa, ambazo mafundi walizitaja kwa herufi IRQ, zilikuwa 16 tu, kuanzia 0 hadi 15, na nyingi zilikuwa na wenyewe. Saa ilichukua 0, kibodi 1, maus na modemu 3 na 4, diski kuu 14. Sound Blaster za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa kwenye 7, njia iliyotengewa printa ya kwanza. Ajabu ni kwamba mara nyingi zilifanya kazi, kwa sababu DOS, mfumo endeshi wa enzi ile, ilipochapa haikungoja kuitwa bali iliichungulia printa yenyewe kila mara. Lakini programu ya uchapaji isiyofuata desturi hiyo ingeweza kuigandisha mashine. Nani angefikiri kwamba kosa liko kwenye kadi ya muziki? Sound Blaster 16 ilihamia 5.

Kubadili njia hizo hakukufanywa kwa kubofya. Kadi ilikuwa na safu za pini ndogo, na juu yake vifuniko vya plastiki vilivyoitwa jampa. Unazima mashine, unafungua kasha, unachomoa kadi, unahamisha jampa kwa kucha au koleo, unarudisha kila kitu, unawasha. Ikikataa, unaanza tena. Kisha unarekebisha mstari wa BLASTER ufanane na jampa, maana programu haikuwa na macho ya kuiona kadi ilivyopangwa, iliamini ilichoambiwa.

Fundi mzuri wa enzi ile alisikiliza kabla ya kugusa. Kama muziki wa gemu ulipigwa vizuri lakini maneno na milipuko haikusikika, hakupoteza muda kwenye spika wala waya. Muziki ulitoka kwenye chipu ya Yamaha, ambayo haikuhitaji IRQ wala njia ya data. Sauti zilizorekodiwa ndizo zilizozihitaji. Kipande kimoja cha sauti kikijirudia bila kukoma, IRQ ilikuwa imekosewa: kadi inaita na hakuna anayeitika, basi inarudia kilekile ilichonacho. Gemu ikidai haioni kadi yoyote, anwani haikuwa 220. Na kama CD ya muziki ilisikika kwenye hedifoni zilizochomekwa mbele ya kiendeshi lakini spika zikawa kimya, kuna mtu alisahau waya mwembamba wa pini nne uliotoka kwenye kiendeshi cha CD kwenda kwenye kadi. Waya huo umewagharimu watu fedha nyingi za ufundi zisizo na sababu.

Kwa nini kila gemu ilimuuliza mchezaji ana kadi gani? Kwa sababu DOS haikujua lolote kuhusu sauti. Kila kampuni ya gemu iliandika yenyewe maelekezo ya kuzungumza na kila kadi, na hakuna kampuni iliyotaka kuandika maelekezo ya kadi 30. Waliandika ya AdLib, ya Sound Blaster, na ya nyingine chache. Namba 220 ikawa sheria ambayo hakuna bunge lililoipitisha. Kampuni shindani, zikiwemo ESS ya California na Aztech, ambayo nayo ni ya Singapore, ziliuza kadi zilizojifanya Sound Blaster. Gravis UltraSound ya Kanada, iliyotoka mwaka 1992 ikiwa na sauti 32, ilipendwa sana na watunzi wa muziki wa kompyuta barani Ulaya, lakini uigaji wake wa Sound Blaster ulikuwa wa kubahatisha, na hilo liliiponza.

Microsoft ndiyo iliyoanza kuuondoa mzigo huo mabegani mwa mtumiaji. Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilitaka draiva, yaani maelekezo hayo ya kuzungumza na kadi, moja tu kwa kila kadi, na programu zote zikaitumia hiyo. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ikaahidi kwamba kadi itajitambulisha yenyewe na kugawiwa njia zake. Ahadi ilitimia nusu. Kadi za zamani hazikujua kujitambulisha, mpya ziligombania IRQ na modemu, na ile alama ya mshangao ya manjano kwenye orodha ya vifaa ikawa ndiyo sura mpya ya tatizo la kale. Amani ilikuja pale kadi zilipohamia kwenye nafasi za PCI, ambazo vifaa vyake viliweza kutumia IRQ moja kwa pamoja.

Kisha Intel ikaamua kwamba kadi yenyewe si lazima. Mpango wake wa AC'97, wa nusu ya pili ya miaka ya 1990, uliacha kazi kubwa kwa prosesa, na juu ya mazabodi ikabaki chipu ndogo ya kugeuza namba kuwa sauti. Mwaka 2004 ukafuatwa na HD Audio. Realtek ya Taiwan ilitengeneza chipu hizo kwa bei ndogo hivi kwamba mnunuzi wa kawaida hakuwa tena na sababu ya kulipia kadi. Kabla ya hapo mwongozo wa PC 99 ulikuwa umeyapa matundu rangi, kijani kwa spika, waridi kwa maiki, samawati kwa sauti inayoingia kutoka redio au kinanda. Miongoni mwa yote yaliyoamuliwa katika historia hii, hilo la rangi ndilo lililomsaidia mtu wa kawaida kuliko yote, na halikuhitaji teknolojia yoyote.

Afrika Mashariki iliingia katika hadithi hii kwa wingi sura za jampa zikiwa zinafungwa. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na zuio lilipolegezwa mashine nyingi zilizowafikia watu wa kawaida, kule kama ilivyokuwa Kenya, zilikuwa za mitumba kutoka Ulaya, Marekani na Dubai. Zilikuja bila boksi, bila kitabu, na muhimu zaidi, bila CD ya draiva. Mwenye duka akishaweka Windows upya, picha inakuja, kibodi inaandika, spika kimya. Shida haikuwa kifaa kuharibika; Windows haikujua chipu iliyokuwa mbele yake.

Mafundi walitembea na pochi za CD zilizojaa draiva. Aliyebobea alifungua kasha akasoma maandishi madogo juu ya chipu karibu na matundu ya rangi, tuseme ALC650 au ALC655, akajua atafute nini. Mwingine alisoma namba za VEN na DEV kwenye sifa za kifaa. Kuipakua draiva ilikuwa kazi ya jioni nzima kabla ya nyaya za baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009. Kwa Windows XP na chipu za HD Audio palikuwa na mtego wa ziada. Draiva ya Realtek iligoma hadi kwanza kiwekwe kiraka cha Microsoft chenye namba KB888111, na wengi walibadilisha mazabodi nzima kabla ya kukisikia kiraka hicho. Kwenye vibanda vya intaneti, ambako watu walizungumza na jamaa zao wa Muscat na London kwa Skype, hitilafu iliyoongoza ilikuwa nyepesi kuliko zote, yaani pini ya waridi kuchomekwa kwenye tundu la kijani.

Watumiaji wa Linux walipitia njia yao. Mfumo wa sauti wa mwanzo uliandikwa na Hannu Savolainen wa Finland, na mwaka 1994 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alijirekodi akitamka jina la kazi yake, faili ambalo watu walilitumia kupimia kama kadi imekubali. Baadaye ukaja mfumo wa ALSA, ulioanzishwa na Jaroslav Kysela wa Jamhuri ya Czech. Nao ulikuwa na tabia ya kuiwasha kadi sauti zote zikiwa zimezimwa. Watu waliweka mfumo upya mara mbili tatu, kumbe ilitakiwa kubonyeza herufi M moja kwenye programu ya alsamixer.

Sim Wong Hoo alifariki Januari 4, 2023, akiwa na umri wa miaka 67. Kampuni yake bado inauza kadi na vifaa vya sauti, ila wateja wake sasa ni wapenzi wa gemu na muziki, si kila mwenye kompyuta. Prodyuza wa studio naye hununua kifaa cha nje cha USB, kwa sababu anayeimba hawezi kuvumilia kusikia sauti yake ikimrudia imechelewa. Kwa wengine kadi ya sauti imepungua hadi kuingia kwenye kichwa cha waya. Apple ilipoondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kiunganishi kidogo ilichokiweka kwenye boksi kilibeba chipu yake ya kugeuza namba kuwa sauti.

Hitilafu nazo zimehama. Siku hizi kompyuta ikinyamaza, sababu ya kwanza kuishuku ni kwamba sauti imepelekwa kwingine, kwenye skrini ya HDMI isiyo na spika, au kwenye hedifoni za Bluetooth zilizoachwa chumba cha pili zikiwa zimewaka. Bofya alama ya spika, angalia kifaa kilichochaguliwa. Kama maiki ndiyo iliyokataa, tazama pini yake: hedifoni za simu zina pini moja yenye pete tatu, na kompyuta yenye matundu mawili haiielewi bila kigawanyio. Draiva ifuate baada ya hapo. Kadi ndogo ya USB, ambayo ni nafuu, iwe hatua ya mwisho.

Kuna watu ambao kwao jambo hili si la burudani. Asiyeona huitumia kompyuta kwa kusomewa. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, hutolewa bure, na sauti ya eSpeak inayokuja nayo inasoma Kiswahili. Kwa mtumiaji huyo, draiva ya sauti isiyowekwa ni sawa na skrini iliyozimwa, na ni vigumu kuirekebisha mwenyewe kwa sababu karibu kila hatua ya marekebisho inahitaji sauti. Basi wewe unayeandaa kompyuta za shule, maktaba au ofisi ya kata, usikabidhi mashine kwa kuona picha imekuja. Chomeka hedifoni kwenye tundu la kijani, piga sauti ya majaribio, kisha zima mashine na uiwashe tena uone kama bado inasikika.